Mjumbe wa Tisa

Hafidha alimaliza shahada yake mwezi wa saba, akafaulu, na katika chuo kizima hakukuwa na mtu mwenye ruhusa ya kusema kwamba amefaulu.

Hakuna aliyemkatalia. Walimu walisahihisha mitihani, alama zikajazwa, karatasi zikatiwa kwenye bahasha. Lakini matokeo ya Chuo Kikuu cha Bondwa lazima yapitishwe na Baraza la Chuo, na Baraza lilivunjwa tarehe thelathini Juni, saa sita mchana, kwa keki na picha ya pamoja. Lilivunjwa kwa ajili ya maboresho. La zamani lilikuwa na watu ishirini na watatu, nusu yao hawahudhurii, na waliohudhuria wakisinzia. Jipya lingekuwa dogo na macho. Lingekuja Julai. Halikuja Julai, wala Agosti.

Baba yake, Kibwana, ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga mjini Morogoro. Shule aliishia darasa la sita, mwaka ambao baba yake mwenyewe alivunjika mguu. Alipoambiwa habari hii alidhani binti anamficha kitu.

"Umefeli somo gani?"

"Sijafeli, baba."

"Basi kuna ada haijalipwa."

"Risiti zote unazo wewe, ziko chini ya godoro."

"Sasa wanangoja nini?"

"Wanangoja Baraza."

"Liko wapi?"

"Halipo."

Kibwana alimtazama mkewe, Mwamvita, kama mtu anayetafuta shahidi. "Mimi mteja akiniletea mashine, kabla sijaifungua namwambia atoe mpunga wake. Hawa wamefungua injini na watoto wa watu wako ndani."

"Kawaambie wao," alisema Mwamvita. "Sisi hapa hatuna injini."

Haikuwa habari ya kungoja kwa raha. Hafidha alisomea umwagiliaji, na mafunzo ya vitendo aliyafanya Dakawa, kwenye kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga. Miezi mitatu tu, lakini aliwapangia zamu za maji hata watu wa mwisho wa mfereji, waliokuwa wakipata matope, wakaanza kupata maji. Wakulima wale walimtaka. Mwenyekiti wao, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwambia nafasi ya mtaalamu wa skimu ni yake, mkataba wa miaka mitatu na nyumba. Ila wafadhili wa mradi walitaka hati ya matokeo, tena yenye saini ya Baraza, kabla ya tarehe thelathini Novemba. Baada ya hapo msimu unaanza, na mtu lazima awepo.

"Mimi nakungoja mpaka siku hiyo," mama yule alimwambia kwa simu. "Siku ya pili yake maji hayatakungoja."

Kibwana akaanza kupanda chuoni. Chuo kiko juu kidogo ya Kilakala, kwenye mteremko, na pikipiki yake ya zamani hufika pale ikikohoa. Getini palitundikwa bango kubwa: TUNABORESHA UTAWALA ILI KUKUHUDUMIA VYEMA. Chini ya bango alisimama mlinzi.

"Namtafuta Msajili."

"Msajili hayupo. Yupo Kaimu Msajili."

"Huyohuyo."

"Sio huyohuyo, mzee. Kaimu hawezi kusaini."

Kibwana akaja kujua kwamba chuo kizima kilikuwa kinakaimiwa. Makamu Mkuu alikuwa kaimu. Wakuu wa vitivo walikuwa makaimu. Mhasibu alikuwa kaimu wa kaimu, maana kaimu wa kwanza alistaafu akiwa bado anakaimu. Kuwathibitisha ni kazi ya Baraza. Hata yule mlinzi, siku ya tatu walipozoeana, alimnong'oneza kwamba barua yake ya ajira inasema "Kaimu Mlinzi," na kwa hiyo mwizi akija hana hakika sana kama anaruhusiwa kumkamata.

Kaimu Msajili aliitwa Daktari Geofrey, mtu mpole mwenye tai iliyomzidi urefu. Alimpokea Kibwana vizuri, akampa kiti, akampa fulana ya maboresho.

"Mzee wangu, nakuelewa kabisa. Hata mwanangu mwenyewe ni mmoja wa hao mia nne na kumi na wawili."

"Wanaongoja?"

"Wanaongoja."

"Basi msainie wako, halafu kalamu ikiwa bado ina wino umsainie na wangu."

Daktari Geofrey alicheka, kisha akaacha kucheka. "Tulikuwa na utawala wa mazoea, mzee. Mtu mmoja anasaini tu. Sasa tumeingia kwenye utawala wa mfumo."

"Na mfumo unasaini lini?"

"Baraza likikaa."

"Na Baraza linakaa lini?"

"Mchakato unaendelea."

Kibwana aliteremka na fulana. Mwamvita akaifanya tambara la kudekia.

Alipanda tena mara nyingi. Safari moja aliambiwa kuna kongamano la wadau, akaingizwa kama mdau, akala wali, akasikiliza kutwa nzima jinsi vyuo vinavyopaswa kuongozwa, na hakuna aliyetaja kwamba hiki cha kwao hakiongozwi na mtu. Safari nyingine aliambiwa kila mtu yuko semina, na semina ile ilihusu kupunguza semina.

Aliyemfungulia mambo ni Winfrida, katibu muhtasi wa Kaimu Msajili. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Alimkuta peke yake ofisini, anakula mihogo.

"Shikamoo baba. Umekuja tena?"

"Marahaba. Nimekuja tena, na kesho nakuja. Mwanangu, niambie kweli. Hilo Baraza limekwama wapi?"

Winfrida alichungulia mlangoni, akafuta mikono, akatoa karatasi kwenye droo. "Baraza lipo baba. Lilitangazwa tangu Septemba. Watu tisa, kwa majina. Ila waliotunga waraka wa kuliunda walichoka na wajumbe watoro, wakaandika kwamba kikao cha kwanza si halali mpaka wote tisa wawepo. Mmoja akikosekana, hakuna kikao."

"Na mmoja hataki kuja?"

"Hawezi kuja. Ndiye mwakilishi wa jamii inayozunguka chuo. Soma hapo."

Kibwana akasoma, kidole kikifuata mistari. Namba tisa: Mzee Dominiko Kobelo, mzaliwa wa 1941, mkulima.

Akasoma tena. "Huyu nilimzika mimi."

"Ndiyo, baba. Amefariki."

"Amefariki Oktoba ya mwaka jana. Ni mjomba wa mke wangu. Mimi mwenyewe nilishika koleo. Mmempa kazi mwezi wa kumi na moja tangu azikwe?"

"Alitoa shamba lake chuo kikajengwa. Walitaka kumuenzi, wakatoa jina kwenye faili la zamani. Hakuna aliyepanda kule juu kuuliza kama yuko hai."

"Basi wabadilishe jina."

"Kubadilisha jina la mjumbe," alisema Winfrida, "ni kazi ya Baraza."

Kibwana alirudi kwenye karatasi, kidole kikiwa bado juu ya namba tisa. Winfrida akamsogezea kipande cha muhogo, naye akakila bila kujua anakula.

"Nionyeshe mahali wanaposema huyo mtu atajulikanaje kuwa ndiye," akasema mwisho.

Winfrida akafunua ukurasa wa nne, kifungu cha kumi na tatu: *Mwakilishi wa jamii atatambuliwa na jamii yake yenyewe kwa taratibu zake, na utambuzi huo utakuwa wa mwisho.* Kifungu hicho kiliingizwa kwenye kongamano, kikapigiwa makofi, kwa sababu neno jamii lilikuwa halijatajwa tangu asubuhi.

"Nitolee kopi," alisema Kibwana.

Waluguru wa kule juu, kwenye vijiji vya misheni, mtu wao mkubwa akifa hawaliachi jina lake lipotee. Mwaka ukitimia, ukoo wa mama unakaa, unachagua mpwa mmoja, unampa jina la marehemu. Tangu siku hiyo yeye ndiye yule. Wajane wanampikia kwa heshima, watoto wa marehemu wanamwita baba hata kama wamemzidi umri, na watu waliokuwa wakimsalimia "mambo vipi" wanampa shikamoo. Kibwana alizaliwa mjini, lakini ameoa huko, na haya ameyaona mara tatu. Mwaka wa Mzee Dominiko ulikuwa umeshatimia. Ukoo haukuwa umekaa kwa sababu ya mvutano: wengine walimtaka mpwa anayeishi Dar, wengine walimtaka Fransisko, mkulima wa karoti, mwenye umri wa miaka thelathini na minne na asiyejua kukaa kimya.

Kibwana na Mwamvita wakapanda Mgeta, kwa ukoo wa marehemu. Bibi Theresia, dada mkubwa wa marehemu na ndiye mwenye sauti, aliwasikiliza akiwa anapukuchua maharage.

"Kwa hiyo serikali imemchagua kaka yangu akiwa kaburini."

"Chuo, mama mkwe, si serikali."

"Na wakati yu hai walimwita mara ngapi?"

"Hawakumwita."

"Walipokea shamba wakamletea nini?"

"Kalenda," alisema Mwamvita.

Bibi Theresia alipukuchua ganda moja zaidi. "Huyo atakayeketi huko atafanya nini?"

"Ataketi tu," alisema Kibwana. "Na atasaini."

"Na Hafidha atapata karatasi yake?"

"Atapata."

"Basi mpwa wa Dar hafai. Huyo akienda kwenye viti virefu hatatukumbuka. Mwiteni Fransisko."

Ukoo ulikaa tarehe nane Novemba. Watu walikuwa sitini na zaidi, wote wana haki ya kusema, na wote waliitumia. Mmoja aliuliza kama marehemu atakasirika kupelekwa kwenye vikao. Mwingine akajibu kwamba marehemu alipenda vikao kuliko kulima. Mama yake mpwa wa Dar alilia kidogo, akapewa nafasi ya kueleza kilio chake, akaeleza, akaridhika. Mbuzi alikuwa amefungwa uani tangu asubuhi na hakuna aliyemgusa, kwa kuwa kwao watu hawali mpaka neno lililowaita liishe. Kufikia saa tisa alasiri neno lilikuwa limekwisha. Fransisko alivishwa koti la marehemu, akakalishwa kwenye kigoda chake, na Bibi Theresia akamwita kwa sauti: "Dominiko." Akaitika.

Kibwana alitazama saa. Jambo lililokishinda chuo kwa miezi minne, lilikuwa limechukua saa sita, pamoja na kilio.

Akamsogelea yule aliyekuwa shemeji yake asubuhi, kijana aliyewahi kumkopesha pampu ya baiskeli. Alikuwa sasa mjomba wa mkewe.

"Shikamoo," alisema Kibwana, mtu wa miaka hamsini na mitatu.

"Marahaba, mwanangu," alisema Fransisko bila hata kutabasamu. "Hawajambo nyumbani?"

"Usinizidishie."

Tarehe kumi Novemba waliingia ofisini kwa Daktari Geofrey: Kibwana, Fransisko ndani ya koti refu la mzee, na barua ya ukoo yenye dole gumba la Bibi Theresia. Daktari Geofrey alisoma barua. Akasoma kifungu cha kumi na tatu. Akamtazama Fransisko.

"Wewe ndiye Mzee Dominiko Kobelo?"

"Ndiye mimi."

"Uliyezaliwa 1941?"

"Jina lilizaliwa 1941."

"Una miaka themanini na kitu, mzee?"

"Hewa ya mlimani," alisema Fransisko.

Daktari Geofrey alivua miwani. Alikuwa mtu aliyekaimu miezi minne bila kulala vizuri, na sasa mlango ulifunguliwa mbele yake na mtu mwenye koti linalonuka kabati. Alisoma kifungu mara ya tatu. *Utambuzi huo utakuwa wa mwisho.*

"Karibu sana, mzee," akasema. "Shikamoo."

Kibwana nusura ampige Daktari begani kwa furaha. "Kikao ni kesho?"

"Taarifa ya kikao lazima iwafikie wajumbe siku ishirini na moja kabla."

Kibwana akahesabu kwa vidole. "Hiyo ni tarehe mosi Desemba. Mwanangu mwisho wake ni thelathini Novemba. Siku moja tu, Daktari. Yule mama wa Dakawa nitampigia magoti kwa siku moja."

"Siku ishirini na moja za kazi, mzee wangu."

"Maana yake?"

"Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Na tarehe tisa Desemba ni sikukuu." Daktari Geofrey alitazama kalenda ukutani, ileile ya chuo. "Tarehe kumi Desemba."

"Wajumbe wanane wako hapahapa Tanzania. Wapigie simu."

"Zamani tulikuwa tunawapigia simu," alisema Daktari Geofrey kwa huzuni ya kweli. "Ndicho tulichokiboresha."

Kibwana alikwenda Dakawa mwenyewe. Mama mwenyekiti alimpokea kwenye tuta la mfereji, magoti yakiwa na tope. Alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya marehemu na koti na yote, bila kucheka.

"Siku moja ningeficha," alisema. "Siku kumi siwezi. Wafadhili wanakuja tarehe mosi, wanataka kumuona mtu na karatasi yake. Mwambie binti namheshimu sana."

"Kumwambia hivyo hakutamsaidia."

"Najua. Lakini mwambie."

Hata hivyo kikao kilifika. Waraka uliruhusu mjumbe mwenye zaidi ya miaka themanini kuwa na msindikizaji, kwa hiyo Kibwana aliingia ukumbini, akakaa nyuma ya Fransisko, akashika fimbo ambayo mzee hakuihitaji. Wajumbe wengine wanane walikuwa watu wa suti. Kila mmoja aliwekewa chupa mbili za maji na kabrasha lenye uzito wa tofali.

Ajenda zilikuwa kumi na mbili. Ya tatu ilikuwa nembo mpya ya chuo. Matokeo ya wanafunzi yalikuwa ya kumi na moja, chini ya "Masuala ya Kawaida."

Nembo ilikuwa na mlima. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini una vilele viwili. Mwingine akasema viwili vinaashiria taaluma na utafiti. Profesa mmoja mstaafu akataka cha tatu, cha huduma kwa jamii, na wa pembeni yake akaonya kwamba vilele vitatu vitaonekana kama meno. Saa tano ilipita. Saa sita ilipita. Mwenyekiti, mstaafu mwenye sauti ya redio, alipendekeza iundwe kamati ndogo ya vilele, kisha akafunga kabrasha lake.

"Ndugu wajumbe, chakula cha mchana kipo tayari. Tutarudi kuendelea na ajenda ya nne."

Viti vikasogezwa. Fransisko hakusogea.

"Mzee Kobelo, karibu chakula."

"Asante. Sili."

"Umefunga?"

"Hapana. Kwetu tukikaa, hatuli mpaka neno lililotuita liishe. Neno lililoniita mimi ni hao watoto mia nne na kumi na wawili. Sijalisikia tangu asubuhi. Nimesikia meno."

"Hilo lipo, mzee. Ni ajenda ya kumi na moja."

"Basi nendeni mle. Mimi nipo hapa na kikao."

Mwenyekiti alimgeukia Daktari Geofrey. "Wajumbe wanane wakiwa kwenye chakula na mmoja akiwa ukumbini, kikao kiko wapi?"

Daktari Geofrey alifunua waraka. Alifunua mbele, akafunua nyuma. "Wote tisa lazima wawe pamoja muda wote wa kikao cha kwanza, Mwenyekiti. Tukitengana, kikao kinavunjika. Kikivunjika, tunaitisha upya. Siku ishirini na moja."

"Za kazi," alisema Kibwana kutoka nyuma. Msindikizaji haruhusiwi kuzungumza, lakini hakuna aliyemnyamazisha.

Harufu ya pilau iliingia kwa chini ya mlango. Profesa wa vilele vitatu alikuwa wa kwanza kurudi kitini.

Matokeo ya watu mia nne na kumi na wawili yalisomwa kwa idadi, yakatolewa hoja, yakaungwa mkono, yakapitishwa. Wajumbe tisa wakasaini. Fransisko aliandika Dominiko Kobelo polepole, ulimi nje kidogo. Ilichukua dakika kumi na moja. Kisha wakaenda kula, na mzee akapewa sahani ya kwanza.

Kwenye ngazi Daktari Geofrey alimkamata Kibwana mkono. Macho yalikuwa yamemlowa. "Tumefanikiwa, mzee wangu. Tutaandika hili kwenye ripoti kama mfano bora wa ushirikishwaji wa jamii."

"Andika na tarehe," alisema Kibwana.

Hafidha alipata hati yake kesho yake asubuhi. Daraja la kwanza. Aliikunja, akaifungua, akamuuliza baba yake kama anataka kuishika. Kibwana akaishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi.

Hesabu yake ndiyo hii. Watu mia nne na kumi na wawili walikaa miezi mitano wakingoja kazi ya dakika kumi na moja. Kibwana alipanda chuoni mara kumi na tisa, na kwa siku hizo mashine za wateja wake sita zilikaa wazi karakanani. Fransisko ameacha jina lake, nyumba yake na robo tatu ya ekari ya karoti zilizoozea ardhini, maana mwenye jina la Kobelo huishi kwa Kobelo, upande wa pili wa bonde. Ataketi kwenye Baraza kwa miaka minne. Mbuzi mmoja aliliwa. Nafasi ya Dakawa ilichukuliwa tarehe mosi Desemba na kijana aliyesoma chuo kingine, ambacho hakijaanza maboresho. Mkataba wake ni wa miaka mitatu. Hafidha sasa anamshikia baba yake taa akiwa chini ya mashine, na kila Ijumaa anatuma maombi ya kazi. Mpaka leo ametuma ishirini na saba.